Jina Lenye Mabehewa

Nizigiyimana amefariki. Habari ilinikuta nikichambua mchele, na jambo la kwanza nililojiuliza, Mungu anisamehe, ni hili: msalabani watamwandikaje? Nyie mliomjua kwa Maria tu mtashangaa. Mimi shule sikukaa, lakini majina hayanitoki.

Tulikutana miaka ya sabini kwenye kisomo cha watu wazima, Mwamkulu. Yeye alikuwa mgeni kutoka Burundi, ameolewa kwetu. Siku moja mwalimu alituandikia neno la Kiingereza, independence, yaani uhuru, tukaguna kwa urefu wake. Kalunde, mcheshi wetu, akasema, "Hilo tulitwange!" Kweli, tukaenda kwenye kinu, mimi naye tukapokezana michi, kila mmoja akishusha na kipande chake: in, de, pen, dens. Likalainika mdomoni. Mwalimu alicheka, kisha akatuambia hivyo ndivyo pumzi inavyolikata. Lakini maana yake hulikata mahali pengine. In, si. Depend, kutegemea. Mkia, ence, unalifanya jina la jambo. Kumbe michi yetu ilikuwa imepasua kule kutegemea katikati! Mpaka leo najiuliza, mdomo na maana viligombania nini?

Siku hiyohiyo mwalimu akaandika majina ya watakaofanya mtihani. Alipofika kwa mgeni wetu akasema, "Lako refu, mama. Naandika la ubatizo, Maria, basi."

Kalunde akadakia, "Jina gani hilo, lina mabehewa kama treni ya Kaliua!"

Nizigiyimana hakucheka. "Mabehewa yana mzigo, dada. Ukiyakata, mzigo unabaki stesheni." Akalifungua mbele yetu: kwa Kirundi nizigiye ni nimemtumaini, Imana ni Mungu. "Baba yangu aliuawa kule nyumbani. Shamba hakuniachia. Aliniachia hilo."

Kalunde akainamisha kichwa. Mwalimu akaliandika lote, polepole, akimuuliza kila kipande.

Siku hizi tunakata kila kitu: majina, salamu, hata pole. Tukiona neno refu tunadhani limetengenezwa kututisha, kumbe ni mafupi yameshikana mikono, yanangoja mtu wa kuyauliza yametoka wapi. Na binadamu ni hivyohivyo.

Pale msibani, fundi seremala akaninong'oneza, "Bibi, ubao wa msalaba hautoshi. Tukiandika Maria itaeleweka."

"Itaeleweka kwa nani, mwanangu? Baba yake atamtafuta kwa jina lipi?"

Alinitazama, akaenda kuchukua msumeno, akarudi na kipande kingine, akakiunga. Ubao ukiwa mfupi, kinachoongezwa ni ubao.