Mwalimu Sévère na Hasi Mbili

Mzungu aliyetufundisha hesabu hapa Uvira alivuka mpaka Julai 1960, chaki akaiacha mezani. Sévère, ambaye kazi yake ilikuwa kumfutia ubao, aliiokota kabla haijapoa. Kesho yake akawa mwalimu.

Kitabu cha majedwali ya logarithmu alitembea nacho kwapani, hata sokoni Mulongwe akinunua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Ole wako umwite Sévère bila kutanguliza Mwalimu.

Alipenda mlinganyo mmoja: log x + log (x − 3) = 1. Hatua zake alizijua kama Baba Yetu: x mara (x − 3) ni kumi, panga, tafuta, majibu ni 5 na −2. Kisha aliyapigia mstari yote mawili. Apolline, binti wa mvuvi, mwenye akili kutushinda sote, alimuuliza hasi mbili inakubalikaje wakati namba hasi haina logarithmu. Sévère akamjibu kwamba tumeshapata uhuru, na jibu lililofika ubaoni halifukuzwi tena. Tukapiga makofi, wapumbavu sisi.

Mtihani wa kuingia shule ya ualimu ulileta swali lilelile. Apolline, kwa heshima ya mwalimu wake, aliandika yote mawili. Akaanguka, akarudi ufukweni kuanika ndagala. Hilo mimi sijamsamehe Sévère mpaka leo.

Mwaka 1964 waasi waliuteka mji. Msomi alihesabiwa mtu wa serikali, na waliochukuliwa hawakurudi. Kila mwenye kalamu aliificha. Sévère alikamatwa barabarani, kitabu kwapani. Walimleta darasani kwetu, wakaita watu washuhudie kama ni msomi, na kamanda akamwamuru aandike anachokijua. Akaandika mlinganyo wake mpaka mwisho: 5 na −2.

Kamanda akauliza nani anayaelewa hayo. Apolline akasimama, mikono inanuka samaki. Angesema "ni sawa" tu, Sévère angekwisha.

"Huyu haiko mutu ya masomo, commandant," alisema. "Moins deux, hiyo hasi mbili, haina logarithme, hata mutoto ya shule anajua. Kazi yake ni kufuta tableau."

Watu wakacheka, kamanda naye akacheka. Wakamfukuza aende zake.

Sévère hakumshukuru. Alitangaza kwamba waasi waliiogopa elimu yake. Lakini shule ilipofunguliwa tena, aliandika mlinganyo uleule, akafika kwenye majibu mawili, akasita. Halafu akachukua kitambaa akaifuta hasi mbili, vizuri kabisa, kwa mkono uliozoea kazi hiyo. Apolline alikuwa ufukweni, anageuza ndagala.