Mikono Nyuma

Ukimwona mkunga anazalisha mikono imefichwa nyuma, usicheke. Ndiyo kazi niliyobakiziwa hapa Kanyosha. Kule Uvira nilizalisha wanawake mpaka nikachoka. Kuvuka tu mpaka, diplomu yangu ikawa karatasi ya kufungia karanga. Sheria inataka niandikishwe upya, na wanaoandikisha wananiambia rudi kesho. Shefu wa mtaa, mtu mpole hata ukimchukia, alinionya: "Mama, nikisikia tena umeshika mutu mwenye kuzaa, utarudi kwenu na batoto bako."

Kwetu ni vita. Tulikimbia na nguo za mwilini.

Basi nikajipa akili: mdomo haukukatazwa. Nikiitwa, najifunga kitenge kiunoni, nachomeka mikono nyuma ndani yake, nasema tu.

Mchana mmoja akaja mbio jirani yangu, Mwislamu mzaliwa wa mji huu. Mke wa mwanawe ameshikwa na uchungu, na mafuta hakuna mjini, teksi hakuna. Nikaenda. Nikachomeka mikono.

"Kichwa inatoka, mama!" jirani akaniita.

"Usivute. Pitisha kidole kwa shingo. Unasikia kamba?"

"Kamba gani? Mi sioni kamba! Ya Allah, mutoto anageuka mweusi!"

Kamba ya kitovu ilikuwa imemzonga mtoto shingoni, na mama huyu anatafuta kamba ya mbuzi! Nilimtukana, Mungu anisamehe. Nikarudia maneno pole pole, nikapiga kelele, nikalia. Yeye bado anapapasa hewani. Nikawaza wanangu. Nikamtazama yule mtoto mwenye kamba shingoni. Jamani, mtu afanye nini?

Nikachomoa mikono, nikaitoa kamba shingoni.

Mtoto akalia, msichana, sauti kama ya mgomvi. Nikakaa chini nikimshika jirani upindo wa nguo. "Mama, nakuomba. Useme ni we ulimuzalisha."

"Wallahi, ni mi," akaapa, machozi yanamtoka.

Akatoka mlangoni kuwapa watu habari. Vigelegele vikaanza, na furaha ikamshinda mama wa watu. "Alhamdulillahi! Mukunga wetu wa Uvira! Ni mukono yake! Mutoto tutamuita jina yake!"

Mtaa mzima ukapiga makofi. Shefu alipita katikati yao, akasimama mlangoni, akaiangalia mikono yangu yenye damu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama," akasema, "sasa nimesikia."