Chumba Kimoja, Ndoo Moja

Nyumba tuliyopanga Kariakoo ilikuwa na bomba moja uani, na mama mwenye nyumba alikuwa na sheria yake: chumba kimoja, ndoo moja. Jirani yetu kapera aliishi peke yake, akapata ndoo. Sisi tulikuwa wanane chumbani, tukapata ndoo. Yeye akaoshea baiskeli, sisi tukagombania ya kunywa. Nikilalamika, mama mwenye nyumba ananijibu, "Vyumba vyote sawa, mwanangu."

Mwaka wa uchaguzi nilipanga foleni tangu alfajiri, jua likanikuta hapo likanichoma mpaka adhuhuri, ili nichague kati ya jembe na nyumba, alama za wagombea wawili wa chama. Kaka yangu kule kusini alipiga kura akarudi shambani umande haujakauka. Jimbo lao watu wa kuhesabika, mbunge mmoja. Letu watu kama siafu, mbunge mmoja. Shangazi alipofariki, mbunge wao alikuja mazikoni akashika chepe. Wetu hata sura sikuijua.

Huyo wetu nilikuja kumwona mara moja tu, viwanja vya Mnazi Mmoja, wakati bomba letu limekauka. Nikajua leo atazungumzia maji. Akashika kipaza sauti, akatuambia mjini tumejaa mno, turudi vijijini tukalime.

Kumbe wingi wetu wakubwa waliuona! Waliuona siku ya kutufukuza tu. Siku ya ndoo, sisi tulikuwa chumba kimoja.