Faulo ya Akili

Pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Kufuli. Alikuwa beki wa mwisho wa timu ya wanawake wafanyakazi, na mshambuliaji akimfikia yeye, safari yake imeishia hapo. Kocha alikuwa dada yake mkubwa, msimamizi wa mashine. Ndiye aliyemlea Kufuli wakati mama yao akihangaika na vibarua, ndiye aliyemnunulia viatu vya kwanza vya mpira.

Dada alikuwa na somo lake alipendalo.

"Faulo ya hasira inatuponza," alisema. "Faulo ya akili unaifanya ukijua bei yake. Mtu akikutoka na nyuma yako hakuna beki, mvute jezi, mwangushe. Kadi utapewa wewe, lakini goli hatufungwi."

"Na akiumia?"

"Unamwangusha, humuui. Acha woga."

Kufuli aliamini. Kila alipooneshwa kadi alitupa jicho pembeni, Dada akatikisa kichwa kidogo kumkubali, na hilo lilimtosha.

Kwenye nusu fainali walikuwa wanaongoza kwa goli moja, mpira unakaribia kuisha, mshambuliaji wa upinzani akamtoka. Huyo alikuwa msusi wa saluni moja ya mjini, mwenye mbio za ajabu. Mbele yake alibaki kipa tu.

"Malizana naye! Sasa!" Dada alipiga kelele.

Kufuli akamdaka jezi kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote. Msusi akaangukia bega. Uwanja mzima ulisikia alivyolia. Mfupa wa mtulinga, juu ya kifua, ulikuwa umevunjika.

Kufuli akatolewa kwa kadi nyekundu. Timu ikaingia fainali.

Kamati ya ligi ikawaita. Kufuli aliingia bila wasiwasi. Adhabu alikuwa tayari kuibeba, ila alijua hataibeba peke yake. Mwenyekiti akamgeukia kocha.

"Ulimwagiza?"

"Hapana," Dada alijibu. "Timu yangu haichezi hivyo. Huyu ni mdogo wangu, namjua. Ana hasira tangu utotoni. Nimejaribu, nimeshindwa."

Kufuli alimtazama akidhani amesikia vibaya. Dada alikuwa ameinamia meza.

Alifungiwa msimu mzima. Timu ikashinda fainali bila yeye, picha ya Dada na kombe ikabandikwa juu ya mashine ya kukaushia, na wenzake wakawa wanashusha sauti kila alipopita na toroli la mashuka.

Nyumbani aliuliza swali moja.

"Dada, kwa nini?"

"Ningekubali, wangeiondoa timu nzima. Wewe ungefungiwa tu kwa vyovyote vile. Hebu fikiri kwa akili."

Kwa akili. Ndipo Kufuli alipoelewa kwamba safari hii aliyevutwa jezi ni yeye, na Dada alijua bei yake. Akafungasha nguo, akahamia kwa shangazi yao.

Jambo la kwanza baada ya kuhama, alikwenda saluni kumwona msusi. Mkono wa msusi ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, na wateja wake walikuwa wanasukwa na mwenzake. Njia nzima Kufuli alikuwa amejiandaa kusema kwamba alitumwa.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Sikuwa na hasira na wewe. Nilijua ninachofanya."

"Hapo ndipo unaponiumiza zaidi," msusi alisema. "Ungekuwa na hasira, ningekuelewa. Si ungeniacha nifunge tu? Lingekuwa goli, basi."

Lile la kutumwa Kufuli alilimeza, akaaga.

Baadaye mama yao alikuja kwa shangazi kusuluhisha.

"Dada yako halali, mwanangu. Yaishe."

"Kufungiwa nimesamehe, mama. Kombe nalo wakae nalo. Lakini amewaambia watu nina hasira tangu utotoni, na yeye ndiye aliyenilea. Anajua sivyo nilivyo."

Mama hakubisha. Alimvuta karibu yake, wala hakulitaja tena jina la Dada siku hiyo.