Maneno Aliyorudi Nayo Buhle

Jina lake ni Sithembile, lakini hapa kitongojini kwetu Bulawayo sote tunamwita MaNyathi, kwa ukoo wa baba yake. Kwa miaka kumi na mmoja ndiye aliyefuma masweta ya kijani ya shule yetu ya msingi. Ukuta wangu na wake ni mmoja. Mashine yake ya kufuma nilikuwa naisikia kabla sijafumbua macho.

Mtoto wake wa pekee, Buhle, alikuwa na miaka tisa. Hakuwa bubu, ila maneno yake mwenyewe hakuwa nayo. Alirudisha ya watu. Ukimsalimu leo, keshokutwa atakusalimu kwa sauti yako wewe, na kikohozi chako humohumo. Muuza nyanya wa pale kona alikuwa akimwambia, "Buhle, nitolee sauti ya mchungaji," naye anatoa amina tatu za puani, watu wanacheka mpaka machozi.

Muhula wa pili, baridi ya Juni ilipoanza kuuma, Buhle alikuwa anakula ugali na mboga akasema, kwa sauti ya mwanamke, taratibu kabisa, "Kaa humo. Ukigonga mlango, naondoka na ufunguo."

Kijiko cha MaNyathi kikasimama njiani. Ile ilikuwa sauti ya Mwalimu Tshuma wa darasa lake, na kicheko chake kidogo cha mwisho.

"Nani kasema hivyo, mwanangu?"

"Nani kasema hivyo, mwanangu?" mtoto akarudisha.

Tangu siku hiyo Buhle hakukubali mlango wowote ufungwe. Bafuni, chumbani, hata kabati. Walilala na baridi ikiingia. Na kila jioni lilitoka neno jingine: "Hakuna anayekusikia." Au, "Leo wageni wapo, ole wako."

MaNyathi akaenda shuleni kuuliza. Mwalimu Tshuma hakushtuka. "Mama, mtoto kama huyu huokota maneno kwenye redio."

"Kwangu hakuna redio."

Mwalimu mkuu akaingilia kati, anatabasamu. "MaNyathi, darasa moja watoto hamsini na nane. Tuvumiliane. Halafu muhula ujao tutahitaji masweta mia mbili, usisahau."

Alielewa alichoambiwa.

Alhamisi saa nne asubuhi alikwenda bila kuitwa, amebeba furushi la masweta kama anayepeleka mzigo. Darasani Buhle hakuwepo. Nyuma ya darasa kuna stoo ya madawati mabovu. Alipoikaribia alisikia mtu ndani anasema, "Usiogope, mama yupo. Usiogope, mama yupo." Ilikuwa sauti yake mwenyewe, MaNyathi, inatoka gizani.

Alitupa furushi, akapiga teke kitasa mpaka kikaachia, akambeba mtoto mgongoni kama wa mwaka mmoja, wakarudi nyumbani.

Jioni ile mama mkwe wake alikuja juu. "Utamfundisha nini nyumbani, wewe uliyeishia kidato cha pili?"

"Ninachojua, Mama. Kisichojulikana tutakitafuta sote wawili."

"Mtoto anayefichwa ndani watu watasema ana neno."

"Waache waseme, usiku watalala."

Akaanza kumfundisha. Kuhesabu kwa vifungo, rangi kwa nyuzi, kusoma kwa herufi alizofuma kwenye vitambaa. Siku ya kumi na mbili Buhle alimvuta nguo akasema, "Nataka maji," na sauti haikuwa ya mtu yeyote tuliyemjua. Ilikuwa yake. MaNyathi alikuja kunigongea ukuta analia.

Lakini habari ya stoo hakuipeleka popote. Nilimuuliza.

"Wangu nimemtoa, dada. Nikianza kesi, masweta nimfumie nani?"

Nami nikanyamaza. Silifichi hilo.

Wiki ya tatu alikuwa anapanga nyuzi na mwanawe, mara Buhle akainama, akasema kwa sauti ya msichana mwingine, inatetemeka: "Buhle, shika mkono wangu. Kunazunguka."

MaNyathi akaniita nisikilize. Sauti ile niliijua. Alikuwa Nokuthaba wa darasa lao, msichana mwenye kifafa, mjukuu wa bibi tunayemwita Gogo Ndlovu. Mle stoo walikuwa wakifungiwa wawili, na mmoja tulikuwa tumemwacha.

"Kesho nitakwenda kwa Gogo," MaNyathi alisema. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne nikasikia mashine inafuma. Jumatano inafuma.

Alhamisi mchana kifafa kilimshika Nokuthaba ndani ya stoo, peke yake, akaangukia chuma cha dawati. Mwenye ufunguo wa kitasa kipya alikuwa ameenda mjini. Walipovunja mlango alikuwa hai, lakini upande wake wa kulia haukuinuka tena.

Tulikwenda hospitali. MaNyathi alipiga magoti kando ya benchi akamweleza Gogo Ndlovu kila kitu.

"Ulijua tangu lini?" bibi aliuliza.

"Kuhusu wangu, tangu Juni. Kuhusu wako, tangu Jumatatu."

Gogo aligeuza uso. "Ondoka, mwanangu. Ondoka kabla sijasema."

Tulitoa ushahidi sote wawili, mimi na MaNyathi. Buhle naye aliketi mbele ya maofisa wa elimu akarudisha yote, mpaka yule aliyekuwa akiandika akaweka kalamu chini. Mwalimu Tshuma alifukuzwa kazi. Mwalimu mkuu alihamishwa tu, hatukuambiwa shule gani. Masweta sasa yanafumwa na mtu mwingine.

Januari, Gogo Ndlovu alitokea mlangoni kwa MaNyathi anasukuma kiti cha magurudumu, Nokuthaba juu yake. Hakusalimu.

"Mfundishe na huyu. Sijakusamehe."

"Ndiyo, Gogo."

Anakuja naye kila asubuhi. Watoto wanasoma chumba cha mbele, na bibi anakaa kwenye kiti kizingitini tangu somo la kwanza mpaka la mwisho, macho yake kwenye mikono ya MaNyathi. Chai anawekewa kila siku. Inapoa, inamwagwa.