Ndiyo ya Jumamosi

Nikisikia redioni kwamba sheria inamlinda mfanyakazi dhidi ya saa za ziada, sibishi. Ninanyoosha mgongo tu. Sheria hiyo ilikuwepo hata enzi zetu, ila ilikaa mbali na sisi.

Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo cha Jinja, idara ya kusokota nyuzi. Kazi yangu ilikuwa kutembea kati ya mashine na kuunga nyuzi zilizokatika, na nyuzi zile hazikuwa na adabu: ukiunga huu, wa nyuma yako umeshakatika. Jioni tulitoka na nyusi nyeupe kwa vumbi la pamba. Nilipanga chumba Nalufenya pamoja na mwanamke Msoga wa idara yetu, mkubwa kwangu, mtu wa maneno machache na usingizi mwingi. Mama yangu alikuwa Mbale, kwenye nyumba yetu ya Namatala, na ndiye aliyenilelea binti yangu. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa lori. Vita vilipofika alielekea kaskazini pamoja na wengine waliokuwa wakikimbia, na mpaka leo sijapata hata salamu.

Nilimwacha binti yangu akianza kutambaa, nikaahidi kurudi kila Jumamosi. Kisheria, kazi ya Jumamosi ilikwisha saa sita mchana. Ukiwahi basi, hata mkishushwa kwenye kila kizuizi cha askari njiani, unafika Mbale kabla ya giza, unalala na mwanao, Jumapili unarudi. Maisha yangu yote niliyapanga juu ya hiyo nusu siku.

Kafyu ndiyo iliyoila. Wakati wa vita, king'ora cha jioni kikilia, aliye ndani ya kiwanda anabaki ndani mpaka asubuhi, maana barabarani ni risasi. Msimamizi akaona ni ujinga watu wakae bure na mashine ziko pale, kwa hiyo zamu ikaunganishwa na zamu. Hatukulalamika. Ndani kulikuwa na usalama, na uji ulikuwepo. Vita vikaisha, kafyu ikaondolewa, lakini geti halikuambiwa. Sasa tukaelezwa kwamba nchi inajengwa upya, hospitali hazina mashuka, shule hazina sare, basi kila mtu aongeze kidogo. Kidogo hicho kilianzia jioni za kawaida, kikafika Jumamosi, kikajikalia. Jumapili peke yake haikutosha kwenda na kurudi, nikawa ninaiona Mbale Idi kwa Idi, halafu hata Idi zikaanza kunipita.

Habari za mtoto nililetewa na jirani yetu mmoja aliyekuwa akija Jinja kuchukua vitambaa vya kuuza. Ametembea. Ameota meno. Sasa anaongea, na anamwita bibi yake mama. Hilo la mwisho jirani alilisema akicheka. Mimi liliniuma sana, na siku ile niliunga nyuzi bila kuziona.

Ndipo tukasikia kwamba ofisa wa kazi anakuja kutoka serikalini kukagua saa zetu za kazi. Fundi mmoja mzee alitueleza wakati wa uji: sheria inaruhusu saa za ziada, ila mfanyakazi akubali kwa hiari yake. Ofisa akiona tunalazimishwa, Jumamosi inarudi. Nilifua gauni langu zuri kwa ajili ya mtu nisiyemjua.

Alikuja kwa miguu kutoka stendi, peke yake, kola ya shati imefifia. Alionekana mtu mwema. Tukapangwa uwanjani, Wasoga, Wagisu, Wateso na wengine, naye ili asimwache mtu nje akaamua kuongea Kiswahili. Hapo ndipo alipokosea.

Miaka yote ile, kwa wenzangu Kiswahili kilikuwa sauti ya kizuizini: shuka, keti chini, fungua mzigo. Hawakushindwa kukielewa. Ila walijifunza kwamba jibu la salama ni moja tu, na linatakiwa kutoka upesi.

"Mimi natoka serikali," akasema. "Nyinyi nasikia mimi?"

"Ndiyo, afande," uwanja mzima ukajibu, mikono ubavuni.

"Mimi hapana afande. Mimi mutu ya ofisi."

"Ndiyo, afande."

Akafuta jasho. "Hii kazi ya juu, ya jioni na ya Jumamosi, nyinyi nafanya kwa kupenda yenu?"

"Ndiyo, afande."

Msimamizi alikuwa nyuma yake, anatazama paa la kiwanda, ametulia kabisa. Ofisa akatikisa kichwa kwa huzuni, akatoa kalamu, akaanza kuandika. Nikaiona Jumamosi yangu inaondoka.

Mimi ni Mnubi. Babu zetu waliletwa huku wakiwa askari, sikatai, lakini nyumbani Namatala Kiswahili na Kinubi ndizo lugha ambazo mama alinibembelezea, na ndizo alizonigombezea nilipounguza mkate wa kisra. Tangu vita nilikuwa nimeviweka vyote kabatini. Mnubi alionekana mtoto wa wale askari waliokimbia, kwa hiyo watu niliwajibu kwa Kiganda cha kuokoteza. Hata mwenzangu wa chumba hakujua.

"Bwana," nikasema, "usiandike kwanza. Hawakujibi wewe. Wanawajibu askari waliowapitia hapa. Mimi nina mtoto Mbale. Jumamosi yangu sijaitoa kwa hiari, na hakuna aliyewahi kuniuliza."

Wa kulia kwangu akasogea, wa kushoto akasogea, nikabaki peke yangu kama mti. Ofisa akanitazama.

"Hii Kiswahili wewe natoa wapi?"

"Kwa mama yangu."

Niliogopa sana, wala sioni haya kusema hivyo. Kisha mwenzangu wa chumba akawageukia watu. Kwa Kisoga, kwa sauti ileile ya kuuliza ni zamu ya nani kuteka maji, akauliza nani anataka kwenda kwao Jumamosi. Mkono mmoja ukapanda, halafu mingine, mpaka msimamizi akaacha kutazama paa. Ofisa akafuta alichoandika.

Jumamosi ikarudi. Jioni zetu zilibaki kwa nchi inayojengwa. Muda mrefu wanawake hawakukaa karibu nami wakati wa uji, na askari wa geti akanibatiza binti wa afande. Mwenzangu wa chumba alisubiri mpaka tulipofika chumbani.

"Munnange, mwenzangu we," akasema, "kumbe unajua kusema." Akageukia ukuta akalala.

Jumamosi ya kwanza nilitoka getini saa sita na pamba bado iko kwenye nywele. Nilipofika Namatala jua lilikuwa bado likiumulika mlima wa Wanale. Mama alikuwa nje anapepeta mchele, na msichana mrefu kuliko nilivyofikiria ameshika gauni la bibi yake. Nikachuchumaa mbele yake. Ukiishi na mashine unazoea kuongea kwa kufoka, na nilisahau kwamba hapa hakuna mashine.

"Unanijua mimi?"

Mtoto akamtazama bibi yake, akanitazama mimi, akashusha mikono ubavuni.

"Ndiyo," akasema upesi.

Ndiyo ile niliijua. Nilikuwa nimesimama katikati yake uwanjani. Uchovu wa miaka yote ukanishuka pale pale, nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu zuri. Ofisa alikuwa amenirudishia Jumamosi za mbele. Zile nyingine hakuwa nazo.

Nikamwambia polepole, kwa sauti ambayo mama alikuwa akinibembelezea, "Kama hunijui, usiseme ndiyo. Sitagomba. Jumamosi nyingine nitakuja tena."

Akafikiri kidogo, mikono yake ikalegea.

"Sikujui," akasema.