Gauni la Miaka Miwili

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, nayo ni siku tuliyokata kitambaa.

Usinicheke kwamba nasema "ujana wangu" kama bibi kizee. Nina miaka ishirini na minne, sina mvi hata moja, na wewe ninayekuandikia una wiki tano tu, umelala hapa kitandani umekunja ngumi. Lakini wazee wa hapa walishanipa nasaha zao zote, nikazifuata, nikazika mtoto. Kwa hiyo leo nasaha natoa mimi. Utazisoma siku ukiwa na mimba yako, na kama bado nitakuwa hai utanikuta na hasira hii hii.

Niliolewa huku Muleba nikitokea kwetu Kitendaguro, Bukoba mjini, baada ya kumaliza kidato cha nne. Baba yako alikuwa karani kiwanda cha kahawa mjini, na bado yuko huko. Huja Jumamosi, Jumapili jioni huondoka. Siku zilizobaki nilikuwa mimi na bibi yako, mama yake, kwenye kibanja hiki cha migomba na kahawa. Bibi yako si mtu mbaya. Naliandika hilo mapema, maana nikifika mbele huenda nikashindwa kuliandika.

Wakati huo, kama ilivyo sasa, nguo zilikuwa za kupanga foleni. Duka la ujamaa likipata kitambaa, msimamizi husoma majina: nyumba yenye msiba, nyumba yenye harusi, nyumba yenye mimba. Jina letu liliposomwa tulipewa yadi tatu za kitambaa cheupe cha pamba, chenye manyoya laini upande mmoja. Yadi tatu, basi, na hakuna aliyejua mzigo mwingine ungeletwa lini. Mimba yangu ilikuwa ya miezi saba.

Mwanangu, mimi nilijua la kufanya. Hapo ndipo panaponiuma. Shuleni tulisoma sayansi kimu, na mwalimu alituchorea ubaoni nguo ya mtoto mchanga, shingo, kifua, mkono, urefu, kila kipimo na tarakimu yake. Daftari lile nilikuja nalo hadi kwenye ndoa, ndani ya sanduku. Nililitoa nikampelekea bibi yako alipokuwa akimenya ndizi jikoni. Nikamwambia, "Mama, yadi hizi zinatoa fulana sita ndogo na kofia mbili, na kipande cha kumfunikia."

Akautazama mchoro kwa muda. "Huyu ni mtoto au mwanasesere?"

"Mtoto mchanga, Mama."

"Mchanga wa nani? Nyumba hii haizai panya."

Akamwita jirani yetu Ma Adela aje aone. Ma Adela akaja na mjukuu wake mgongoni, wa miezi sita, mnene, shingo imezama kwenye mashavu. Walicheka mpaka wakafuta machozi kwa ncha za khanga. Bibi yako akamshusha yule mtoto, akamlaza juu ya kitambaa chetu, akampima kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, kisha akaongeza shubiri moja.

"Kata hapa," alisema. "Tumshonee gauni la miaka miwili. Ukikata hivyo vidogo vyako, baada ya miezi miwili vimembana, na kitambaa hakuna. Hili atalivaa mpaka atembee, na mdogo wake atalikuta."

Uone basi, maneno yale yalikuwa na akili, na huo ndio ubaya wake. Yangekuwa ya kipumbavu ningekataa. Yule ni mwanamke aliyefungwa lubugo utotoni, nguo ya gome la mti, akaja kuiona pamba ukubwani. Kwake yeye kukikata kitambaa vipande vidogo vidogo ni kukiua. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba anayemshonea mtoto nguo ndogo anamwita awe mdogo. Mpaka leo sijui kama ni mila au alilitunga pale pale. Nikasema, "Ndiyo, Mama." Daftari nikalirudisha sandukuni.

Fundi cherehani wa pale barazani pa duka alilinyanyua lile gauni alipomaliza, akaniuliza, "Waitu, mama, huyu anaanza darasa la kwanza lini?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Lilikuwa zuri kweli: kola, rinda, vifungo vitatu vikubwa mgongoni. Mabaki yote yakawa shali ya kulingana nalo. Baba yako alipokuja Jumamosi nilimwonyesha, nikamwambia naogopa ni kubwa mno na ni moja tu. Akasema, "Hayo ni mambo yenu akina mama."

Kaka yako Mujuni alizaliwa wiki tano kabla ya siku zake, asubuhi, masika, humu humu ndani kwa kuwa hatukuwahi kufika zahanati. Kichwa chake kilienea kiganjani mwangu. Mapaja yake yalikuwa membamba kama vidole vyangu viwili. Alilia, lakini kama mtu anayelia chumba cha pili. Bibi yako alimpangusa, akamvisha gauni.

Mikono yake haikufika hata nusu ya mikono ya gauni. Shingo ya gauni ilimteremka mpaka mabegani, kifua kikabaki nje. Ukiivuta juu, kola inamziba mdomo na pua. Nikawa nashinda na kazi hiyo, kuvuta juu, kushusha chini. Vifungo viko mgongoni, na mtoto wa namna ile hulala chali, kwa hiyo alilalia vifungo. Rinda tulilikunja mara tatu chini ya miguu. Alipokojoa mara ya kwanza, mikunjo ile iliyanywa maji yote ikayapandisha hadi mgongoni.

Nguo ya kubadilisha haikuwepo. Tulimvua, nikamfunga khanga yangu, gauni likaanikwa juu ya moto. Nguo kubwa nzito haikauki upesi, mwanangu, na mvua ya huku unaijua, hewa yenyewe imelowa. Khanga nayo ikalowa, akavishwa shali; shali ikalowa, akarudishiwa gauni ambalo ukilikamua bado unaona unyevu kwenye mishono. Siku nzima ilikwenda hivyo, na siku ya pili yote.

Siku hiyo ya pili aliacha kunyonya. Nilishika miguu yake, ilikuwa baridi kama kitu kilichotolewa mtoni. Nikasema twende zahanati. Bibi yako akasema, "Mvua hii? Amelala, mwache alale, watoto wadogo hulala." Nikamwacha alale.

Siku ya tatu asubuhi sikuuliza. Nilimbeba nikatoka, bibi yako akanifuata ameshika jani la mgomba juu yetu. Nesi wa zahanati alikuwa mama mtu mzima, mkavu wa maneno. Alifunua shali, akafunua gauni, akapekua, akapekua tena.

"Nguo naiona," akasema. "Mtoto mmemwacha wapi?"

Alimvua vyote akavitupa chini. Akaniambia nifungue blauzi, akamlaza kifuani mwangu, ngozi kwa ngozi, akatufunika blanketi.

"Nguo yake nyingine iko wapi?"

"Hana."

"Umesoma wewe?"

"Kidato cha nne."

Alinitazama. "Kidato cha nne! Na hukujua kupima nguo ya mwanao?"

"Nilijua."

"Ulijua, ukafanya nini?"

Bibi yako alikuwa mlangoni, maji yanamchuruzika, jani la mgomba bado analo mkononi. Alilisikia swali lile sawasawa. Neno moja tu lingetosha, aseme "ni mimi." Alitazama mvua.

Nesi alimbatiza kwa maji ya kikombe, maana padri alikuwa mbali. Kabla ya saa tisa alasiri Mujuni alifia kifuani kwangu. Alikuwa ameshapata joto. Nesi alinipoza, akasema watoto wanaozaliwa kabla ya siku wengine hufa hata wakivikwa vizuri. Huenda. Sitajua maisha yangu yote, na kutojua huko nimeshakuzoea kama watu wanavyozoea mguu mbovu.

Mimba yako ilipofika miezi mitano nilitoa gauni sandukuni, nikatoa na daftari, nikachukua mkasi. Bibi yako akanikuta nimeshakata mkono mmoja.

"Unakata nguo ya marehemu?"

"Marehemu hakuwa na nguo, Mama. Hii ilikuwa ya mjukuu wa Ma Adela."

Akatoka. Hakunisemesha siku nne, na mimi sikumtafuta. Lile gauni lilitoa fulana nne na kofia mbili. Kola nikaifanya kamba za kufungia. Mama yangu alinitumia khanga kuukuu kutoka Kitendaguro. Baba yako nilimwambia, "Safari hii ukitamka mambo ya akina mama, kalale huko huko kiwandani." Jumamosi iliyofuata alikuja na shuka kuukuu, akakaa chini akashika upande mmoja nikiipima. Zikatoka nepi ishirini.

Na wewe ukawahi siku zako, kama kaka yako. Kilo mbili kasoro. Nilikuvisha fulana ya kwanza zahanati, nesi yule yule akipitisha kidole shingoni kuona kama inakubana. Akasema, "Haya, huyu namwona." Nililia mpaka akanifukuza kwenye benchi.

Sasa sikiliza ya jana, ndiyo iliyonishikisha kalamu. Akina mama walikuja kukuona. Ma Adela akakufunua mbele ya wote. "Maskini! Mmekavisha kama mnakatunza kwenye chupa. Nimekaletea nguo ya watu." Akakunjua gauni la njano, lenye rinda, mikono mirefu kuliko wewe mzima. Wakacheka kicheko kile kile. Damu ilinipanda. Nikamwambia, "Ma Adela, asante sana. Rudi nalo nyumbani, ulilete atakapotembea."

Mkwe hajibu hivyo huku kwetu, najua. Wote wakamgeukia bibi yako wasikie atanikemea vipi. Mara mvua ikaanza kupiga bati. Bibi yako aliinuka, akatoka mbio, akarudi amekumbatia nepi zako zote kutoka kambani, akazihesabu kwa sauti mbele ya wageni. "Kumi na nane. Kumi na tisa. Na aliyovaa, ishirini. Hakuna iliyolowa." Kisha akamwambia Ma Adela, bila kumtazama, "Mtoto mdogo huvaa nguo ndogo. Mimi ndiye niliyekosea kwa yule wa kwanza."

Miaka miwili neno hilo limechelewa. Sijamsamehe, sikudanganyi. Nilikuchukua tu nikakuweka mapajani pake, nikaendelea kukunja nepi.

Kwa hiyo, mwanangu, shika haya. Usimpime mwanao kwa mtoto wa jirani wala kwa majigambo ya ukoo. Shona chache kabla hajazaliwa, fulana tatu au nne ndogo kabisa, na mbili za ukubwa unaofuata, halafu kitambaa kinachobaki kiache hakijakatwa mpaka umwone. Akizaliwa, mzungushie uzi kifuani, huo ndio ukweli wake. Akikua, kata nyingine. Nguo ifunguke mbele na ifungwe kwa kamba, kifungo kisikae mgongoni. Shingoni kipite kidole kimoja, mkono uishie kifundoni, na pasiwe na kitu cha kupanda usoni. Kofia mbili, moja kichwani na moja inakauka. Nepi za mtoto mdogo zikate ndogo, ukimfunga kubwa mapaja yanapanuka kama ya chura na maji yanabaki humo. Lakini ziwe nyingi, ishirini zisikutie kiburi, maana kwetu ni mvua. Gauni zuri la kanisani lisubiri. Na ukimshika tumbo ukaliona la baridi, mvue kilicholowa, mweke kifuani kwako, nenda zahanati. Usingoje mvua iishe.

Na lile kubwa kuliko yote: ukijua, sema. Heshimu wazee, wapigie magoti asubuhi na jioni, lakini mkasi ukiwa unakwenda pabaya shika mkono unaoushika. Utaitwa mjeuri. Mimi naitwa hivyo kijiji kizima tangu jana, na wewe unapumua.

Mungu akupe mtoto, awe mkubwa, awe mdogo, na akupe nguo inayomtosha siku hiyo hiyo anayozaliwa. Akupe kamba iliyojaa nepi kavu na mtu wa kuzianua upesi. Na ulimi wako usikunjwe ukafungiwa sandukuni kama daftari langu.